Amana ya Mguu

Kwa miezi mitano sasa Athumani alikuwa akiumwa na vidole alivyokwisha kuzikiwa.

Kigutu hakikumsumbua. Kilikuwa kimepona vizuri, chini kidogo ya goti. Kilichomtesa ni vidole vya mguu ule ulioliwa na kidonda cha sukari, ukakatwa hospitalini Lushoto. Vilijikunja kama ngumi, dole gumba likibanwa chini ya vile vingine, wala hapakuwa na cha kushika ili kuvikunjua.

Esta, muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda, alimweleza kwa upole.

"Mzee, kila kiungo kina matarishi wake. Hupanda kwa mishipa ya fahamu, wakapita uti wa mgongo, wakafika kwenye ubongo. Mguu umeondoka, lakini matarishi wa kwenye kigutu bado wanabisha hodi, na ubongo unawaitikia kama ulivyozoea."

"Basi tarishi ni mwongo," alisema Athumani, "na mwenye nyumba ni mjinga."

Yeye alishika neno la wazee wa kijiji chake, Rangwi: kiungo kikizikwa kimekunjika, mwenyewe hatapata raha mpaka kinyooshwe. Na aliyeuzika mguu ni Bakari, mdogo wake wa tumbo moja.

Asubuhi ya kukatwa alimpigia simu Bakari, aliyekuwa nyumbani. "Mguu wangu ni amana kwako. Uoshe, uvishe sanda, uunyooshe vyema, uuzike karibu na baba." Kisha homa ikamchukua, asijue Jumatatu wala Jumatano. Alipozinduka, Bakari alikuwa kando ya kitanda, ana udongo kwenye kucha. "Nimekwisha kuzika, kaka."

Maumivu yalipoanza, Athumani alimwuliza, "Vidole ulivinyoosha?"

Bakari alitazama chini kitambo. "Nilivinyoosha."

Kitambo kile ndicho kilichomchoma Athumani. Mguu huohuo ndio uliomvusha Bakari mto, akiwa mgongoni, mwaka waliofiwa na baba. Na leo Bakari ameshindwa kuusitiri.

Akaacha kuitikia salamu yake. Bakari alikuja kila asubuhi, akasimama mlangoni. "Shikamoo, kaka." Siku tatu ambazo dini inaruhusu ndugu kununiana zikapita, zikawa arobaini.

"Baba Latifa," alisema mkewe, Saumu, "mguu umetangulia kupumzika, nawe unamnunia aliyeusindikiza."

"Aliufukia kama mbegu ya kiazi."

"Ungekuwa kiazi tungekwisha kuvuna, tukapumzika na kelele zako."

Asubuhi moja Bakari alikuja na jembe begani. "Kaka, twende ukaone. Nitafukua."

Athumani alijikongoja kwa magongo hadi ukingo wa juu wa shamba la kabichi. Matuta yalikuwa yameloa mvua, na mteremko haukumfaa mtu wa mguu mmoja, akaketi pale. Bakari akashuka hatua kama thelathini hadi penye makaburi, akachimba, mgongo wake ukielekea juu. Kikatoka kitu kirefu kilichofungwa nguo nyeupe, iliyokwisha kugeuka rangi ya udongo.

"Fungua," alisema Athumani.

Bakari aliinama, mabega yake yakaziba kila kitu. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Palikuwa na jiwe," alisema hatimaye, pasipo kugeuka. "Vidole vilikunjika juu yake. Navinyoosha sasa, kimoja kimoja."

Athumani akahisi dole gumba limeachiliwa. Kikafuata cha pili, kisha cha tatu. Kilipokunjuka cha mwisho, raha ilimpitia hadi pajani, naye akalia bila kujificha uso.

Bakari alifukia, akapanda.

"Ulihini amana yangu," alisema Athumani.

"Nilihini, kaka."

"Kunyoosha vidole tu, Bakari. Kazi ya mtoto."

Bakari alilifuta jembe kwa majani ya kabichi. "Nisamehe."

"Nimekusamehe." Na tangu siku ile akaitikia salamu. Lakini jioni alimwita Saumu, akamkalisha chini. "Siku yangu ikifika, asinioshe Bakari. Aliyeshindwa na mguu hatauweza mwili mzima. Watafute wengine."

Saumu alimsihi, hakubadili neno. Aliyafikisha maagizo yale kwa Bakari, naye akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Wiki ya tatu tangu kufukua, ndugu hao wawili walikwenda hospitalini, Athumani apimwe mguu wa bandia. Bakari alimshika mkono kwenye ngazi, kisha akabaki wima karibu na mlango.

"Binti yangu," Athumani alimwambia Esta, uso umemkunjuka, "uliniambia habari za ubongo. Ndugu yangu huyu amefukua, akavinyoosha vidole. Siku ya ishirini leo sijaumwa."

Esta aliacha kuandika. "Amefukua nini, mzee? Mguu wako ulichomwa kwenye tanuri letu siku ileile. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenu. Yeye alifika keshokutwa yake. Alilia sana, akaomba walau shuka uliyokuwa umelazwa juu yake. Nikampa."

Athumani aligeuka taratibu. "Ulizika nini?"

"Kaka, tukayazungumze nyumbani."

"Ulizika nini, Bakari?"

"Shina la mgomba."

Athumani alifumbua kinywa ajibu. Kabla neno halijatoka, dole gumba likaanza kujikunja, na vile vingine vikalifunika, kimoja kimoja.