Barua za Kila Jumanne

Barua ya saba ilikuja Jumanne kama zile sita zilizoitangulia, siku mbili kabla ya mchezo wa televisheni kurushwa hewani.

Clifford Ransley aliifungua akiwa bado na koti mwilini. Herufi kubwa, wino wa buluu, sentensi moja tu: "Mwanamke anayesikia mluzi chumba cha pili umemtoa kwenye filamu ya mwaka 1938, ile ya nyumba ya daktari."

Ilikuwa kweli.

Kila Alhamisi nusu ya Uingereza ilikaa mbele ya televisheni kutazama michezo yake ya kutisha. Magazeti yalimsifu kwamba ndiye aliyeingiza sebuleni ufundi wa zile filamu za zamani za mashaka: kamera inayong'ang'ania kitasa cha mlango, mtazamaji anayeiona hatari ambayo mhusika haioni. Ufundi huo aliupata kihalali, kwa miaka mingi ya kukaa kwenye viti vya sinema. Ila mwaka huu wa 1963 alikuwa ameishiwa, akaanza kubeba matukio mazimamazima.

"Kuiga mtindo hakuna ubaya, Cliff," alisema Hugh Peverell, mtayarishaji wa michezo hiyo, alipoonyeshwa barua. "Sote humu tumelelewa na filamu zile. Lakini kunakili ni kesi. Magazeti yakizipata hizi, wewe kwisha, na mimi nyuma yako."

"Huyu mtu anaiona miswada kabla hatujarekodi. Ni wa humu humu."

"Basi mtafute. Usinitazame mimi, hata mama yangu mzazi simwandikii."

Alibaki mmoja: Una Dowsett, mpiga chapa, ambaye kila mswada ulipita mikononi mwake.

Ransley akaanza kumchunguza. Aliona kwamba kila akiingia, Una huifunika mashine yake. Jumamosi alimfuata mpaka Hammersmith, akamwona anakata tiketi ya filamu ya zamani, peke yake. Jumatatu alimkuta anasukumia karatasi kwenye droo.

"Unaandika nini, Una?"

"Barua yangu binafsi, Bwana Ransley."

"Kwa nani?"

Msichana akaiva uso. "Kwa mchumba wangu, kama ni lazima ujue."

Hakumwamini hata kidogo. Siku hiyo hiyo alimwendea Peverell, na kufikia mchana Una alikuwa amehamishiwa vipindi vya kilimo, ghorofa ya chini, sanduku la vitu vyake kwapani.

"Mmemwonea yule mtoto wa watu," alisema Bi Garside, mama wa chai, mjane mnene wa Yorkshire aliyezunguka ofisi zote na toroli lake. Alisogeza makaratasi mezani kwa Ransley apate pa kuweka kikombe. "Analia chooni tangu saa sita."

"Anajua alichofanya."

"Haya, kipenzi. Sukari vijiko viwili?"

Kesho yake, Jumanne, barua ikaja tena.

"Msichana hana kosa. Na yule kipofu wa darajani ni wa filamu ya 1941. Kwani wewe huna hata kimoja cha kwako?"

Ransley aliisoma mara tatu. Hofu ilikuwepo, lakini kilichomchoma zaidi ni swali lile la mwisho. Miaka kumi na miwili ya kuandika, halafu mtu asiye na jina anamwuliza kama ana lolote la kwake!

Jumatano hakwenda kazini. Alikuwa mgane, hana wa kumsumbua nyumbani. Alikaa mbele ya mashine ya chapa baada ya kifungua kinywa, na kabla ya chakula cha mchana mchezo ulikuwa umekamilika, bila neno moja kufutwa. Mume na mke wamepanga chumba ufukweni. Mume anafunga uzi wa kuvulia samaki kukatisha kipandio cha nne cha ngazi, upande mmoja kwenye nguzo, upande wa pili kwenye msumari mdogo alioupigilia chini kabisa ya ukuta. Mke anashuka kwenda kunywa chai. Mume anaukata uzi, anautia mfukoni, ndipo anapiga kelele za kuomba msaada.

Peverell alianza kuusoma akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa.

"Cliff. Hii ni ya filamu gani?"

"Hakuna filamu. Ni yangu."

"Huo msumari, jamani! Wiki nzima watu watakuwa wanakagua ngazi zao. Ulikuwa umeuficha wapi mchezo huu?"

"Kichwani," alisema Ransley, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili akacheka.

Jumanne iliyofuata alizipekua barua zake zote. Bili, mwaliko wa harusi, basi. Yule mtu hakuwa na la kusema. Ransley aliwasha sigara, akaegemea kiti, akaweka miguu mezani.

Saa nne mlango ukafunguliwa. Bi Garside aliingia bila toroli, amevaa koti lake la kanisani na kofia. Nyuma yake wanaume wawili wenye makoti ya mvua walisimama mlangoni.

"Chai iko wapi leo?" Ransley aliuliza.

"Leo hakuna chai, kipenzi. Wala barua."

Aliishusha miguu polepole. "Ni wewe?"

"Mimi sinema nimekaa kuliko wewe. Nilijua nikikubana sana, za watu zikikuishia, utaandika ya kwako." Bi Garside alivuta kiti akaketi bila kukaribishwa. "Mwaka arobaini na sita nilikuwa nafagia ile nyumba ya wageni ya Whitby, kule ufukweni. Wote walisema mkeo aliteleza tu. Ule msumari wa kipandio cha nne niliung'oa mimi kwa mkono wangu, na mpaka juzi sikuwa nimemwambia mtu."