Santuri ya Mtu Anayecheka

Ragnhild aliilaza santuri juu ya jiko la chuma lenye moto, akahesabu hadi thelathini. Ukingo ulilegea, ukajikunja kama jani la kabichi. Akaiondoa kwa kitambaa, akairudisha kwenye mfuko wake wa karatasi, akaenda kukamua ng'ombe.

Santuri hiyo haikuwa na wimbo hasa. Mwanamume alikuwa akicheka mwanzo hadi mwisho, kinanda kikimfuata nyuma. Mama mkwe wake, Gunvor, ndiye aliyeichagua kwenye katalogi ya duka la Chicago, pamoja na gramafoni yenyewe. Vililetwa na mtu wa posta mwezi wa Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Siku ya kwanza Ragnhild alitoka chumbani miguu mitupu, akaomba izimwe. Gunvor akaipiga tena. Ndipo Ragnhild alipoanza kwenda zizini, kukikimbia kile kicheko. Walikuwa wamemzika Signe Novemba, binti yake wa pekee wa miaka minne. Na ndani ya nyumba hiyohiyo mtu anacheka asubuhi, mchana na jioni.

Jioni ile ya Aprili Gunvor alipoiweka kwenye gramafoni, sindano iliruka, kicheko kikawa kwikwi.

"Imepinda," alisema.

"Labda ni jua la dirishani, mama," Ragnhild akajibu, macho kwenye viazi.

"Labda."

Torleif, mume wa Ragnhild, aliigeuza santuri mkononi. "Hao watu wa Chicago wangekuuzia hata kifuniko cha sufuria. Waandikie, mama, wakuletee nyingine."

"Haina haja."

Bibi kizee akachukua sweta aliyokuwa akifuma, wala hakuitaja tena.

Ragnhild alikuwa ameutamani ukimya huo. Sasa haukumpa amani. Kila alipoinua macho aliona shingo ya Gunvor, pale ilipokuwa ikikaa bizimu, pini ya urembo ya fedha ya harusi yake, aliyovuka nayo bahari kutoka Norwe. Aliiuza ili kupata gramafoni. Mwanamke wa miaka sabini, na starehe moja tu, nayo imechomwa jikoni kama taka.

Siku ya nne alifungua katalogi, akaagiza santuri ileile kwa fedha aliyoipata kwa kuuza mayai. Kifurushi kilipofika baada ya wiki mbili, alimngoja Torleif aende shambani, akakiweka mezani mbele ya Gunvor.

"Mama, ile niliiharibu mimi. Niliiweka juu ya jiko. Nilikuwa nakuchukia kila ulipoipiga."

"Najua. Harufu ilijaa nyumba nzima. Nadhani hata kuku walijua."

"Na hukuniuliza?"

"Nikuulize nini?"

"Nimekununulia nyingine. Nisamehe, mama."

Gunvor alikirudisha kifurushi upande wa Ragnhild bila kukifungua.

"Mimi nami sikuipenda hata siku moja, mwanangu. Signe alikuwa mjukuu wangu. Lakini ulilala miezi mitatu umegeukia ukuta, huli, husemi. Nikaipekua katalogi nzima nikitafuta kitu cha kukukasirisha mpaka uinuke."