Siku Papa Ésaïe Aliporudi

Kwa mara ya nne asubuhi ile, Jokébed alimwonyesha mtoto picha kwenye simu, na kwa mara ya nne Shalom akajibu bila wasiwasi: «Pasta.»

«Hapana, mama. Huyu ni Papa. Sema: Papa.»

«Papa Pasta.»

Wanawake wa kwaya waliokuja kusaidia mapishi wakacheka hadi sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikakaribia kuungua. Mtoto hakukosea sana. Ésaïe, mume wa Jokébed, alikuwa mwinjilisti. Kanisa lilimtuma katika misitu ya Walikale Shalom akiwa na miezi mitatu tu. Alitumwa kwa mwaka mmoja. Vita vikafunga njia, mwaka ukazaa mitatu. Leo alikuwa anarudi. Asubuhi alipiga simu: «Niko Alimbongo, saa chache tu nifike.» Tangu hapo, nyumba ya Jokébed pale Butembo haikuwa na kiti wala sufuria iliyotulia.

Mama Eliane, kiongozi wa kwaya, alikuwa akimsuka Shalom nywele. Akamgeuza uso kushoto, akamgeuza kulia.

«Mama Shalom, huyu mutoto hana hata kitu moja yako. Ni baba yake mutupu!»

«Ni yeye kabisa,» Jokébed akajibu, akainama kupuliza makaa ambayo tayari yalikuwa yamewaka.

Alikuwa akijibu hivyo kwa zaidi ya miaka miwili, na mtaa mzima ulimwamini, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona Ésaïe ila kwenye picha ya simu. Sasa Ésaïe alikuwa anakuja na sura yake mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hii ilikuwa imeshafika Alimbongo.

Jokébed aliogopa. Hakuogopa kupigwa, mume wake hakuwa mtu wa kuinua mkono. Aliogopa Ésaïe amtazame mtoto mara moja tu, aseme huyu si damu yangu, na kabla jua halijazama Shalom asiwe na baba wala nyumba.

Zamani waliishi Beni, upande wa Mavivi. Ebola ilipowafikia, Ésaïe alikuwa ameshakwenda Walikale, na Jokébed aliingia kituo cha matibabu akiwa na mtoto wa miezi minane kifuani. Wiki tano baadaye alitoka na mtoto mgongoni na cheti cha kupona mkononi. Hakupita hata nyumbani kuchukua vyombo. Alipanda gari moja kwa moja hadi Butembo, akapanga chumba karibu na kanisa ambako hakuna aliyemjua. Watu walisema anakimbia masengenyo ya ugonjwa, naye hakuwakatalia.

Siku ile ya kutoka alimpigia Ésaïe. Kule msituni, mtu akitaka réseau ya simu hupanda mlima, na ilimbidi Jokébed ajaribu hadi mchana.

«Uko muzima?» Ésaïe aliuliza.

«Niko muzima. Na mutoto niko naye hapa ku mugongo.»

Simu ikanyamaza. Ikanyamaza hadi Jokébed akadhani réseau imekatika. Kisha sauti ikarudi, nzito, kama ya mtu mwenye mafua.

«Basi umuchunge.»

Tangu hapo, kila Jumapili, aliuliza kama mtoto amekula, kama analala vizuri. Picha yake hakuiomba hata siku moja. Jokébed alimshukuru Mungu kwa hilo, huku akiona haya kumshukuru.

Saa tisa alasiri pikipiki ilisimama mlangoni. Kwaya ikapaza wimbo. Ésaïe alishuka amekonda, ndevu zimeingia mvi, Biblia yake imefungwa kwenye plastiki kwa ajili ya mvua. Alimkumbatia mkewe, akakaa hivyo kitambo. Halafu akachuchumaa.

Shalom alikuwa amejificha ndani ya kitenge cha mama yake, jicho moja nje.

«Jina yako nani?»

«Shalom.»

Ésaïe akamshika mkono. Alimtazama paji la uso, masikio, hata vidole vya miguu. Hakuharakisha. Kwaya ilikuwa bado inaimba, lakini Jokébed alisikia moyo wake tu.

«Jina muzuri,» Ésaïe akasema mwishowe, akamnyanyua.

Mezani kulikuwa na bugali, sombe na kuku mzima. Firigisi ni ya baba. Hilo halina mjadala. Ésaïe aliichukua, akaipuliza ipoe, akaiweka mdomoni mwa mtoto. Mama Eliane akapiga vigelegele.

«Si nilisema? Baba yake mutupu!»

Jokébed alilia mbele za watu wote, bila kujifuta. Amemkubali, aliwaza. Hajui kitu. Furaha ile ilimchoma kama dhambi, lakini alikuwa tayari kuibeba hadi siku ya kufa.

Saa kumi na moja kwaya iliondoka kwenda mazoezi ya Jumapili. Wakabaki watatu. Shalom, ameshiba, alisinzia mapajani mwa Ésaïe, vidole vyake vimeshika kifungo cha shati.

«Tuombe,» Ésaïe akasema kwa sauti ndogo ili asimwamshe. Jokébed akafumba macho.

«Bwana, asante juu ya safari. Asante juu ya mama Shalom. Asante juu ya huyu mutoto mwenye mama Shalom aliokota kule kwenye bagonjwa ba Ebola. Sikumuzaa, lakini ni wangu. Na Shalom wetu wa kwanza, mwenye nilizika kwa simu siku munganga alinipigia, mama yake akiwa hajaamuka bado ku kitanda kule Beni, umuambie tunamupenda.»