Neno la Mwisho kwa Mshamu

Daktari alipozima mashine ya kupumulia, alimgeukia Tausi na kumwambia kwa upole, "Ongea naye, mama. Huenda bado anasikia. Na hatujui, pengine dakika zetu hizi chache kwake ni ndefu sana."

Tausi aliinama hadi midomo yake ikagusa sikio la mumewe. Tangu ile ajali iliyowapata baba na mwana, kila alipokuja wodini alimwambia kwamba mtoto wao Hamdani anaendelea vizuri, anakula, anamuulizia baba yake. Hamdani walikuwa wamemzika siku moja tu baada ya ajali.

Sasa akimwambia kweli, uchungu ule utakaa kichwani mwa Mshamu kwa muda ambao hakuna mzima awezaye kuupima. Asipomwambia, mtu aliyeishi naye miaka yote ataondoka amedanganywa, na mdanganyaji ni yeye.

"Mume wangu," alisema mwishowe, "Hamdani ametoka shule. Amechafua shati lote kwa maembe."

Aliendelea hivyo mpaka daktari akamshika bega.

"Ameshatutoka, mama. Pole sana."

"Na kusikia? Kusikia nako kumekwisha?"

Daktari aliondoa mkono begani mwake, akarudi nyuma kumpa nafasi.

Tausi akainama tena. "Anavua viatu mlangoni," alinong'ona. "Nimemwambia asipige kelele, baba amelala. Anakuja kwa kunyata."