Dumu la Maji

Kigari cha mbio cha Kombo kilikuwa kikichemsha kila kilipopanda mlima, kwa kuwa rejeta yake ndogo haikuimudu injini kubwa aliyoipandikiza. Kila mara walisimama mahali palepale kando ya barabara, mkewe Zuhura akakalia dumu la maji, wakazungumza mpaka injini ipoe. Mambo mazito ya nyumba yao yalisemwa pale.

Leo, kwa rejeta mpya ya alumini, walipapita bila kusimama.

"Umeona?" Kombo alijitapa.

"Nimeona. Nilikuwa na neno, nikaliweka mpaka tufike pale."

"Niambie basi."

"Tumeshapita, baba Rukia."

Kombo akageuza gari. Walipofika, alilitua dumu chini, akalifuta vumbi kwa kiganja, akafunua boneti. Hapakutoka mvuke. Zuhura alikuwa bado ndani, hajafungua mkanda.