Hodi ya Bi Rukia

Kila nyumba mjini ilikuwa na king'ora kilichoua masikio ya yeyote aliyeingia bila kusajiliwa. Wenyeji walivaa vizibo vya masikio kutwa nzima.

Nasra alikuwa akikoroga mchuzi alipohisi sakafu inatetemeka. Alikimbilia sebuleni na mwiko wake. Mama yake mzazi, aliyekuja ghafla kutoka Pangani, alikuwa amepiga magoti kando ya kikapu cha mihogo.

Nasra alizima king'ora, akang'oa vizibo.

"Nimepiga hodi mara tatu, mwanangu," Bi Rukia alisema kwa sauti kubwa mno. "Hamkuitika."

"Nisamehe, mama! Hatukusikia!"

Bi Rukia aliitazama midomo ya bintiye.

"Mbona unanong'ona? Watoto wamelala?"