Kwa Ncha ya Penseli

Kondo Mwinyimadi alitema mate dirishani, kisha akaigeuza klarineti iliyokuwa mezani kwa ncha ya penseli. Kuishika hakutaka.

"Umeifukua kaburini, Ndugu Isihaka?"

"Ni ya kale tu, mzee."

"Kale! Inanuka kambare."

Ilikuwa ya tatu siku hiyo. Bendi mpya ya Kibaha ilibakiwa na nafasi moja ya mpiga klarineti, na angeipata atakayeleta chombo kizima. Kondo, mtu wa Msimbu, ndiye aliyeitwa aseme kipi chombo na kipi kuni. Ya kwanza ilizibwa kwa raba ya kandambili. Ndani ya ya pili mende walikuwa wametaga.

Na sasa hii ya Isihaka, mvuvi wa Ruvu: vibonyezo vimeota kutu ya kijani, ufa umefungwa kwa uzi wa nyavu, vifuniko vya matundu vimetiwa ngozi ya mbuzi.

Akaigonga kwa penseli. "Mpingo mzuri ukigongwa huitika. Huu wako umenuna."

"Ipulize kwanza, mzee wangu."

"Mimi? Mdomo huu umepuliza klarineti, si bomba la choo! Yangu mimi..."

Margareth, karani, akaacha kupiga taipu, akaegemeza shavu. Hadithi hiyo aliijua kwa moyo.

"...yangu mimi ilizama Ruvu, mtumbwi ulipopinduka, mafuriko ya mwaka wa Uhuru. Miaka kumi na miwili sijaona mfano wake. Ichanganye leo na nyingine mia, gizani, nitaijua kwa kuigusa tu."

"Kwa kuigusa tu?"

"Kidole kimoja!"

Isihaka akaichukua, akapuliza mwenyewe. Sauti ilitoka nene, yenye joto, hata mguu wa Margareth ukaanza kugonga sakafu. Kondo akaziba masikio kama anayesikia mbuzi akichinjwa.

"Basi, basi! Margareth, andika: kuni. Nafasi hapati."

"Mzee, nimejifunzia hii tangu utoto. Sina nyingine."

"Rudi ukavue."

Margareth alipiga neno lile, kisha akaitazama fomu. "Lazima nijaze na asili yake. Uliipata wapi, ndugu?"

"Marehemu baba aliikuta imenasa kwenye mgono wake wa samaki, maji yalipopungua. Kuna maandishi humo ndani, kwenye mdomo mpana wa chini, yamechongwa kwa kisu. Baba hakujua kusoma. Na mimi kisomo ndiyo kwanza naanza."

Margareth akaielekeza klarineti dirishani, akafumba jicho moja. Akasoma kimya. Akasoma tena, midomo ikichezacheza. Kisha akageuka.

"Hili jina la Kondo Mwinyimadi wa Msimbu, mzee," akauliza taratibu, "niliandike juu ya neno kuni, au chini yake?"